Miradi mitano ya darasani ya kujifunzia kuhariri picha na kusanifu michoro

Zana za programu ya picha ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzikumbuka, na nyingi kati ya hizo hutazigusa maishani. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya zana. Unaanza na kazi. Kila mradi hapa unadai ujue mambo machache tu, na unaisha kwa kitu ambacho mwenzako anaweza kukitazama akasema kinafaa au hakifai. Umeandikwa kwa mwanafunzi, lakini mwalimu anaweza kuuchukua ulivyo akaufanya ratiba ya muhula. Fuata mpangilio wake. Mradi wa tano hauwezekani kwa aliyeruka wa tatu.

Kabla ya kuanza

Suala la programu lisikucheleweshe. Photoshop imeenea sana makazini na hulipiwa. GIMP na Krita ni za bure. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Kwa michoro ya vekta, ile unayoweza kuikuza upendavyo bila kupoteza ukali wake, Inkscape inatosha. Ukishaelewa tabaka (karatasi za picha zinazopangwa moja juu ya nyingine) na maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya tabaka) katika programu moja, utazitambua katika nyingine hata kama vitufe vimehamishwa. GIMP yenyewe ilianza mwaka 1995 kama mradi wa muhula wa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Anayekudharau kwa kuwa unafanya kazi ya darasani tu, mwambie hilo.

Tengeneza folda tatu kwa kila mradi: asili, kazi na mwisho. Picha ya asili haihaririwi kamwe, inanakiliwa kwanza. Ndani ya folda ya kazi, hifadhi faili kwa umbo la programu yenyewe, PSD ya Photoshop au XCF ya GIMP, ili matabaka yabaki, na uzipe namba: bango_01, bango_02. Majina kama "mwisho_kabisa_sasa" humchanganya hata aliyeyaandika. JPEG iwe ya kutuma tu, kwa sababu hutupa sehemu ya taarifa za picha kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Ukihitaji sehemu tupu zinazoonyesha kilicho nyuma, kwa mfano nembo itakayowekwa juu ya picha nyingine, tumia PNG.

Mradi wa kwanza: picha moja iliyoharibika

Piga picha mbaya kwa makusudi. Mtu akae akiupa mgongo mwanga wa dirisha, simu iwe imeinama kidogo, na nyuma yake kuwe na kitu kisichohusika. Hiyo ndiyo malighafi yako.

1. Fungua picha, rudufu tabaka lake, kisha ulifunge la chini. Kila dakika chache zima tabaka la juu ulinganishe na ulikotoka.

2. Nyoosha. Tafuta kitu kinachopaswa kuwa wima au mlalo, kama fremu ya mlango au ukingo wa meza, uzungushe picha mpaka kikae sawa. Kisha punguza kingo. Kwa picha ya mtu, usikate kwenye maungio kama kiwiko, goti au kifundo. Kata katikati ya paja au ya mkono wa juu, jicho litakubali.

3. Rekebisha mwanga kwa kutazama histogramu. Huo mlima mdogo unaonyesha pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, ngapi ni nyeusi, ngapi ni za kati na ngapi ni nyeupe, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Fungua dirisha la Levels. Sogeza pembetatu nyeusi hadi mlima unapoanzia na nyeupe hadi unapoishia, halafu cheza na ya katikati. Sehemu iliyoungua kabisa, yaani iliyofika 255 katika rangi zote tatu, hairudi. Hapo hakuna taarifa ya kuokoa.

4. Rekebisha rangi. Tafuta kitu unachojua kuwa ni cheupe au cha kijivu, karatasi au ukuta, uangalie thamani zake za nyekundu, kijani na bluu. Zikikaribiana, rangi iko sawa. Bluu ikizidi, picha ina ubaridi. Nyekundu ikizidi, ina joto. Ngozi ya mtu ndiyo hakimu wa mwisho, namba zije baadaye.

5. Ondoa kisichohusika. Zana yenye alama ya muhuri hunakili sehemu moja kwenda nyingine kama ilivyo. Yenye alama ya plasta hunakili kisha ikalinganisha rangi na jirani zake. Fanya hivyo kwenye tabaka jipya tupu, na ubadilishe mahali pa kunakilia mara kwa mara, la sivyo mchoro ule ule utajirudia na kila mtu atauona.

6. Noa picha mwishoni kabisa, ukiitazama kwa asilimia 100. Mistari myeupe ikianza kuzunguka vitu, umepitiliza.

Sasa punguza mwonekano (opacity) wa tabaka ulilohariri hadi asilimia 70 uone. Mara nyingi picha inakuwa nzuri zaidi, kwani mkono wa anayeanza ni mzito, hasa kwenye kitelezi cha ukolevu wa rangi. Kabidhi picha mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na sentensi tatu za kueleza ulichobadilisha na sababu yake. Sentensi hizo zina uzito kuliko picha. Anayejua kwa nini aligusa kitelezi ataweza kurudia kazi hiyo kesho kwenye picha nyingine.

Mradi wa pili: mtu mahali ambapo hakuwepo

Huu utakula muda kuliko mingine yote, na uache uule. Unganisha picha mbili, ya mtu na ya mahali, kiasi kwamba mwenzako ashindwe kuonyesha palipoungwa.

Nusu ya kazi hufanyika kabla programu haijafunguliwa: kuchagua picha zinazoafikiana. Angalia mwanga unatoka upande gani katika kila picha, na kama ni mkali wenye vivuli vya kingo kali au ni laini wa siku ya mawingu. Angalia kimo cha kamera. Angalia ubora pia. Picha yenye chengachenga, yaani vidoadoa, haikai na iliyo safi bila kazi ya ziada. Mtu aliyemulikwa kutoka kushoto huwezi kumweka kwenye uwanja uliomulikwa kutoka kulia ukategemea ujanja wa brashi. Kumgeuza kama kwenye kioo husaidia, ila ukumbuke maandishi ya nguo yake nayo yatageuka.

Usitumie kifutio kumkata mtu. Tumia maski. Maski ni picha ya kijivu iliyobandikwa kwenye tabaka: palipo peupe panaonekana, palipo peusi panafichwa, na kijivu huonyesha nusunusu. Ukikosea, unapaka rangi iliyo kinyume na kila kitu kinarudi. Anza na zana yoyote ya uteuzi upate umbo la jumla, geuza uteuzi kuwa maski, kisha rekebisha kingo kwa brashi. Kingo za mwili zinataka brashi yenye ulaini mdogo. Nguo yenye nyuzi inataka laini zaidi. Nywele usijaribu kuzifuata moja moja. Acha ukingo wa maski uingie ndani kidogo ya nywele, halafu chora upya nyuzi chache kwa brashi nyembamba yenye rangi uliyochukua kwenye nywele zenyewe.

Kabla ya kuleta mandharinyuma mapya, weka chini ya mtu huyo tabaka la rangi moja kali, nyekundu au kijani. Mabaki yote ya picha ya zamani yatajitokeza hapo: pembe ya ukuta katikati ya mkono na kiuno, utepe mwembamba wa rangi ya anga mabegani. Punguza maski kwa pikseli moja kuelekea ndani na utepe huo utaondoka kwa sehemu kubwa.

Kimo ndicho kinachowashinda wengi. Kama picha ya mahali ilipigwa na mtu aliyesimama, kamera ikiwa usawa wa macho yake, mstari wa upeo, pale ardhi inapokutana na anga, utapita kwenye macho ya watu wote wenye kimo kama chake waliosimama kwenye ardhi hiyo tambarare, wawe karibu au mbali. Kwa hiyo ukimsogeza mtu wako nyuma, mpunguze mpaka macho yake yaguse upeo na nyayo ziguse ardhi. Usikadirie kwa jicho tu. Chora mstari wa kukuongoza.

Kivuli kifanye mara mbili. Cha kwanza ni kidogo, cheusi na kikali, pale soli inapogusa ardhi. Bila hicho mtu huelea. Cha pili ni kirefu, kinafuata mwelekeo wa vivuli vilivyopo tayari, na kinalainika kadiri kinavyotoka mguuni. Vyote viwe kwenye tabaka lililo chini ya mtu na juu ya ardhi, kwa hali ya kuchanganya iitwayo Multiply, inayotia giza vilivyo chini yake. Rangi usichukue nyeusi tupu; inyonye kutoka kwenye kivuli cha picha ya mahali. Utashangaa kuona kwamba vivuli vya mchana mara nyingi vina bluu ndani yake, kwa kuwa humulikwa na anga.

Mwisho geuza kazi yote kwa muda iwe nyeusi na nyeupe. Weusi mzito wa suruali yake usizidi weusi wa vitu vilivyo umbali uleule. Rudisha rangi, weka tabaka moja la marekebisho ya rangi juu ya vyote ili picha zote mbili zishiriki joto moja, na ongeza chengachenga kidogo zilizo sawa kote. Hizo chengachenga zinaficha makosa mengi kuliko zinavyosifiwa.

Hapa darasa lizungumzie pia mipaka. Mwezi Februari 1982 jarida la National Geographic lilitoa jalada ambalo piramidi za Giza zilisogezwa karibu kwa kompyuta ili picha ya mlalo iingie kwenye ukurasa wa wima, na lilikosolewa kwa muda mrefu. Hakuna aliyeongezwa wala kuondolewa, umbali tu. Picha ya habari haisogezwi. Bango la tamasha linaweza. Kazi ya mradi huu iandikwe wazi pembeni kwamba ni picha ya kuunganisha, na usimtumie mtu ambaye hakukubali.

Mradi wa tatu: bango la maandishi matupu

Wanafunzi wengi hulalamika wakiupata huu, kwa sababu hakuna picha, hakuna rangi na hakuna mapambo. Karatasi ya A4, wino mweusi, fonti moja. Maneno ni ya tangazo lolote la kweli: jina la tukio, tarehe, saa, mahali, mawasiliano na sentensi mbili za maelezo. Ukiweza kulifanya lisomeke hivyo, picha baadaye zitakuwa nyongeza badala ya kisingizio.

Fanya matoleo matatu ya maneno yaleyale.

La kwanza: ukubwa mmoja tu wa herufi, uzito mmoja tu. Silaha yako pekee ni nafasi. Sogeza mistari, tenga makundi, acha weupe. Tarehe, saa na mahali ni jamaa, vikae pamoja; mawasiliano yasimame peke yake. Utaona kwamba neno lililozungukwa na weupe hupiga kelele bila kukuzwa.

La pili: ongeza ukubwa wa pili. Tofauti iwe kubwa ya kuonekana, mara mbili au zaidi. Herufi za pointi 14 kando ya za pointi 16 zinaonekana kama kosa, si uamuzi.

La tatu: ongeza herufi nene na rangi moja. Rangi hiyo itumike mahali pamoja au pawili. Pima utofauti wake na karatasi. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti hudai angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na vikokotoo vya kupima hivyo viko bure mtandaoni. Njano juu ya nyeupe haifiki hata ukiipenda vipi.

Kuna mambo machache ya kushika katika matoleo yote. Nafasi kati ya mistari iwe kati ya asilimia 120 na 145 ya ukubwa wa herufi. Mstari wa maelezo uwe na herufi kama 45 hadi 75. Panga kwa kushoto. Kuweka kila kitu katikati ni mazoea, na mara nyingi ni uvivu. Usivute herufi kuzirefusha au kuzinenepesha kwa nguvu, tafuta fonti iliyochorwa hivyo. Kwenye kichwa kikubwa, tazama jozi kama A na V au T na o, uzisogeze kwa mkono mpaka nafasi zionekane sawa machoni. Pambizo ziwe pana kuliko unavyoona raha nazo.

Kisha bandika matoleo yote ukutani, simama mita tatu, ukunje macho. Kinachobaki kuonekana ndicho bango linachosema.

Mradi wa nne: nembo

Huu ni mfupi. Anza na penseli, si kompyuta: michoro midogo ishirini, kila mmoja ukubwa wa stempu. Ya mwanzo itakuwa ile ambayo kila mtu angeichora, kwa hiyo usisimame hapo. Chagua miwili, uipige picha, uiingize kwenye Inkscape na uifuate kwa zana ya kalamu. Tumia nukta chache iwezekanavyo; mkunjo wenye nukta mbili zilizowekwa vizuri ni laini kuliko wenye kumi. Nembo ifanye kazi kwa rangi nyeusi peke yake kabla ya kupewa nyingine. Ipunguze hadi pikseli 16 kwa 16, kipimo cha alama ndogo ya kichupo cha kivinjari. Isipotambulika hapo, toa kitu. Hifadhi kama SVG, umbo la faili la michoro ya vekta.

Mradi wa tano: bango la tukio la kweli

Sasa tafuta mteja. Klabu ya shule, timu, maktaba, mtu yeyote mwenye tukio linalokuja na aliye tayari kukukatalia. Mwalimu hafai, kwa sababu mwalimu huangalia juhudi, na mteja huangalia kama watu watakuja.

Muulize mambo haya uandike majibu yake: nani atalisoma, litakaa wapi, afanye nini akishalisoma, ni maneno gani lazima yawemo, na lini linahitajika. Msomee majibu hayo akubali. Siku atakaposema "hiki sicho nilichotaka", mtarudi kwenye karatasi hiyo.

Kusanya picha unazoruhusiwa kuzitumia. Kuonekana mtandaoni hakuifanyi picha kuwa ya bure. Piga mwenyewe, au tafuta zenye leseni ya Creative Commons, na Wikimedia Commons ni pa kuanzia. Soma herufi za leseni: BY inadai umtaje mwenye kazi, NC inakataza matumizi ya biashara, ND inakataza kusambaza kazi iliyobadilishwa, SA inadai kazi yako nayo itolewe kwa leseni hiyohiyo. CC0 haidai chochote. Weka orodha ya picha, mwenye picha na leseni ndani ya folda ya asili tangu siku ya kwanza. Fonti nazo zina leseni.

Piga hesabu ya pikseli mapema. A4 ni milimita 210 kwa 297, na kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Picha ya simu ya pikseli 4000 kwa 3000, ikisimama wima, inatosha kujaza A4. Kwa A3, inayohitaji 3508 kwa 4961, haitoshi kwa nukta 300, lakini kwa 200 inapita, na bango la A3 husomwa kutoka mbali kidogo. Picha ya upana wa pikseli 800 uliyoipakua itachapika vizuri kwa sentimita 6.8 tu. Kubadilisha namba kutoka 72 kwenda 300 kwenye kisanduku cha nukta kwa inchi hakuongezi hata pikseli moja ya kweli.

Tengeneza rasimu mbili zilizo tofauti kimawazo, si rangi tu, kisha zilete darasani kukosolewa. Utaratibu ninaoupendelea ni huu: mwenye kazi ananyamaza. Kila mkosoaji anasema jicho lake lilitua wapi kwanza, likaenda wapi, na ameelewa nini. Hakuna "naipenda" wala "siipendi". Watu wawili wakisema jicho lilitua kwenye mapambo ya pembeni, huna haja ya hoja, tarehe imeshapotea. Jaribu pia kuitazama kazi bila rangi, kwa ajili ya wasiotofautisha nyekundu na kijani. Ikibaki kusomeka, endelea.

Kwa uchapaji, kumbuka kwamba skrini hutoa rangi kwa mwanga na printa kwa wino, kwa hiyo bluu na kijani vinavyowaka kwenye skrini hufifia kwenye karatasi. Ongeza milimita 3 za picha kila upande zitakazokatwa, na usiweke maandishi karibu na ukingo. Muulize mpiga chapa anataka rangi za aina gani, kisha mpe PDF yenye fonti ndani yake. Mteja mpe pia PNG ya kusambaza kwenye simu, na hiyo isiwe bango lilelile lililopunguzwa: ondoa maelezo marefu, kuza tarehe. Kabla ya kuagiza nakala zote, chapisha moja kwa kipimo kamili, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona kazi hiyo asome kila neno kwa sauti, hasa tarehe na namba ya simu.